Mabinti wa Pili Wote Wakawa Mmoja

Mjukuu wangu alileta kompyuta nyumbani Bwera juu ya bodaboda, ameifunga katika kitenge changu cha kanisani na kuikumbatia kama mtoto aliyetoka kuchanjwa. Majirani walisimama kutazama. Nami nilitaka wasimame. Nilimwambia yule wa boda azime pikipiki na ashuke taratibu, asije akafikiri amebeba mkungu wa ndizi. Aliyefungua mdomo kuuliza nilimjibu kabla hajamaliza: ni ya mjukuu wangu, ameinunua kwa jasho lake, anafanya kazi forodhani.

Hakuwa forodhani hasa. Alikuwa katika ofisi ya mawakala kule Mpondwe, mpakani mwa Uganda, wale wanaowaandalia wenye malori karatasi zao ili mizigo ivuke kwenda Kongo. Lakini ofisi yao inatazamana na forodha, na mimi sikuona sababu ya kumpunguzia mtoto heshima kwa ajili ya upana wa barabara.

Mtoto huyu nilimlea mimi. Mama yake aliolewa mbali akaniachia, nami nikamsomesha kwa maharagwe, nikilima vipande vya kukodi huko Nyakiyumbu mpaka kucha zikawa na rangi ya udongo hata siku ya Krismasi. Watu waliniuliza, "Huyo msichana unamsomesha hadi wapi, hadi mbinguni?" Nikawaambia hadi mahali ambapo nyinyi mtamwita madam. Leo wanamwita madam. Sijawasamehe, lakini nafurahi kusikia wanavyoitamka.

Kompyuta ile ilikuja nyumbani kwa sababu ya bosi wake. Huyo bosi wafanyakazi wake walimwita afande, ingawa jeshini alitoka zamani na tumbo lake halikukumbuka tena mkanda. Aliwaambia mashine za zamani zitapelekwa Kasese, zitafutwa kila kitu, na zitakuja mpya. "Kila mtu atoe takataka zake," alisema. Takataka zenyewe zilikuwa sisi. Miaka yote ile familia yetu ilikuwa imekaa ndani ya kompyuta ya ofisi, maana nyingine hatukuwa nayo.

Nitaeleza. Watu wetu wametawanyika kama mbegu zilizomwagwa na kuku. Wengine wako Kampala, wengine Mbarara, mmoja yuko Ulaya anaosha wazee wasio wake. Mdogo wangu wa kike, anayenifuata mimi tumboni, aliolewa Butembo, ndani kabisa ya Kongo. Namba za simu hufa. Za Kongo hufa haraka zaidi: leo laini hii, kesho ile, kesho kutwa simu imeibwa sokoni. Lakini mdogo wangu alikuwa na anwani ya barua pepe, na hiyo haikuibwa. Kwa hiyo mjukuu wangu aliweka watu wetu wote katika kundi moja akaliita Nyumbani. Mtu akifunga ndoa, mtu akibatizwa, mtu akilazwa, mtoto aliandika mara moja tu na kila mmoja akapata. Zamani habari ya ugonjwa ilikuwa ikishuka mlimani Kyarumba kwa miguu, na mara nyingi maiti iliitangulia.

Jumamosi moja akakaa mezani kwangu kuhamisha. Mimi nilikuwa mkekani nikipukuchua maharagwe.

"Unahamisha nini?" nikamuuliza.

"Watu, Bibi."

"Wako wapi?"

Akanionyesha kiflashi, kitu kidogo kama jino la mbuzi. "Wamo humu. Nyumbani, mawakala wote, na wenye malori."

"Na mjomba wako mnene naye ameingia humo?"

"Ameingia, Bibi. Amebanwa kidogo."

Tulicheka. Nasema tulicheka kwa sababu ni kweli, na kwa sababu tangu wakati ule mezani pale kicheko kimekuwa haba.

Wakaanza kuingia. Katikati umeme ukakatika, kama kawaida yake mvua ikianza kushuka kutoka Rwenzori. Uliporudi, akaanza upya. Sasa ikawa shida: waliokuwa wameshaingia wakaingia tena, kila mtu na pacha wake. Mashine yenyewe ikaleta swali, naye akanisomea kwa Kiswahili: kuna majina yanayofanana, niyaunganishe?

"Yanafananaje?" nikauliza.

"Ni kwa sababu nimerudia, Bibi. Inataka kufuta mapacha."

Alikuwa amechoka, ametoka kazini na asubuhi yake alinifulia nguo. Akakubali. Mashine ikafikiri kidogo, ikamaliza. Orodha ikawa safi. Akaifunga kompyuta ndani ya kitenge, tukala.

Pale ndipo tulipoharibikiwa, na hakuna aliyejua. Sisi watu wa hapa mtoto hatumchagulii jina kwa kuwa linapendeza. Jina linamsubiri. Msichana wa kwanza ana lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vivyo hivyo, nyumba hii na nyumba ile, mlima huu na ule. Ukisimama katikati ya soko la Mpondwe ukaliita jina la binti wa pili, wanawake watageuka kama kuku waliosikia mtama. Ongeza la ubatizo kama unafikiri litakusaidia. Wamisionari walituletea majina machache, nasi tuligawana kama chumvi.

Kwa hiyo kwetu jina halimtambulishi mtu, linasema tu alitoka wa ngapi. Mtu tunamjua kwa mlima wake, kwa mumewe, kwa anavyocheka, kwa yule aliyegombana naye. Mjukuu wangu naye aliwajua wake kwa makundi yao. Katika Nyumbani, binti wa pili alikuwa mdogo wangu. Katika mawakala, binti wa pili mwenye ubatizo ule ule alikuwa mama mmoja wa Kasese wa karatasi za saruji. Katika wenye malori alikuwemo mwingine. Hawakugongana hata siku moja, kila mmoja alikaa nyumba yake. Mashine ikawachukua wote watatu ikawafanya mtu mmoja mwenye anwani tatu, na anwani ya mbele, ile inayobeba ujumbe, ikawa ya mama wa Kasese. Aliyeitengeneza alitoka mahali ambapo wawili wakiwa na jina moja lazima ni yule yule. Hajawahi kufika sokoni kwetu.

Haya nayajua leo.

Mama yetu alikuwa bado anaishi Kyarumba, juu, pale pikipiki inaposhindwa na unabaki na miguu yako. Alikuwa mzee sana, mwepesi kama ganda la maharagwe, lakini ulimi wake ulikuwa na uzito wake wa zamani. Mvua zilipozidi kifua kikambana. Nilipanda kwenda kumuuguza, na mjukuu wangu akawa anakuja kila alipopata nafasi. Daktari wa kituo alimtazama, akatuita nje. Hakuna haja ya kusema alichosema. Mtu akikuita nje ya mlango umeshajua.

Mama alijua pia. Akaniambia, "Mwite binti yangu wa pili."

"Nitamwita, Mama."

"Usimwite kama unavyomwita mtu kuja kula. Mwite aje. Nina neno lake."

Nilijua neno hilo linatoka wapi. Mara ya mwisho mdogo wangu alipokuja alitaka kumchukua Mama, ampeleke Butembo kwenye hospitali nzuri, amtunze nyumbani kwake. Mama alimkatalia vibaya. Alimwambia, "Mimi sizikwi katika udongo wa mkwe. Wewe ulikwenda kwa miguu yako, usinivute na mimi." Mdogo wangu alifunga mzigo wake asubuhi hiyo hiyo, akashuka mlima bila kugeuka. Tangu hapo aliandika salamu kwa kundi zima, hakuandika kwa Mama. Mama hakumtaja. Lakini nilimwona mara nyingi akitazama njia.

Sasa alitaka kulirudisha neno lake kabla ya kuondoka. Nilimwambia, "Niambie mimi, Mama, nitamfikishia."

Akanitazama kwa yale macho yake. "Wewe ni binti wa kwanza. Neno hili si lako."

Basi. Nimembeba huyo mdogo mgongoni nikiwa mdogo mwenyewe. Mimi nilibeba watoto wa Mama, yeye akabeba vitabu kwa masista. Mimi niliishia darasa la tatu ili yeye aendelee. Na hata kitandani pa kufa Mama alikuwa na neno la mmoja, na mimi nilikuwa na ndoo ya maji. Uchungu ule nikaumeza.

Mjukuu wangu aliandika jioni hiyo kutoka Bwera. Aliniambia kwa simu alichoandika: Bibi mkubwa ni mgonjwa sana, anaomba uje Kyarumba mapema iwezekanavyo, anataka kukuona. Akakituma kwa binti wa pili wa kundi la Nyumbani. Kesho yake akapanda mlima, simu yake mkononi, uso umemshuka.

"Amejibu?" nikamuuliza tukiwa bado nje.

"Amejibu, Bibi."

"Amesema nini?"

Akaitazama simu. "Amesema, Imepokelewa. Ahsante."

"Na nini tena?"

"Hakuna tena."

Nilidhani hajui kusoma. Nikachukua ile simu nikaitazama mwenyewe. Maneno mawili, na juu yake jina la mdogo wangu, la kuzaliwa na la ubatizo. Kusoma kidogo nako ni mzigo. Ningekuwa sijui kabisa ningeendelea kubisha.

Mama aliita kutoka ndani. "Amesema anakuja?"

Mjukuu wangu alinitazama. Nikaingia mimi. "Amesema amepokea, Mama."

"Amepokea nini? Mimi ni gunia?"

"Amesema ahsante."

Mama aligeuza shingo mlangoni. Halafu akasema, "Barabara ya Beni atakayopitia ni mbaya siku hizi. Anaogopa kuandika mengi. Atakuja tu." Akaniamuru nigeuze kitanda chake kielekee mlangoni, mlango ukae wazi, ili aione njia inayopanda. Nikageuza. Baridi ya mlima ikaingia, ikakaa nasi mle ndani kama mgeni asiye na aibu. Kila aliyepanda na mzigo kichwani, Mama aliinua shingo. Mwanamke wa kahawa. Mwanamke wa kuni. Mtoto wa shule. "Si yeye," nilimwambia. "Naona si yeye," alinijibu. "Sijawa kipofu."

Nilimwomba mjukuu wangu aandike tena. Akaandika: Bibi mkubwa anakusubiri wewe tu. Jibu likaja lile lile, neno kwa neno, kama lililopigwa muhuri. Hilo la pili sikumwambia Mama. Hakuuliza, alilisoma usoni kwangu. Siku hiyo jua likiwa bado juu kabisa alisema, "Fungeni mlango."

Nikasema, "Mama, tuache kidogo, labda..."

"Funga. Hakuna mtu anakuja."

Nikafunga. Hakumtaja tena. Neno lake alilila mwenyewe, akaondoka nalo.

Wengine tuliwapigia simu, yeye hatukumwandikia tena. Tulimzika chini ya migomba. Watu walijaa mlima mzima, na kila aliyefika aliuliza kwa kunong'ona, binti wa pili yuko wapi? Nilipoambiwa niseme kwa niaba ya watoto nilisimama na nikasema. Nilisema: "Mama alikuwa na mabinti wawili walio hai. Mmoja ndiye huyu mnayemwona. Mwingine amepokea, ahsante." Wengine waliguna, wengine wakacheka kile kicheko cha msibani kinachotafuta pa kutokea. Nilisema hivyo na sikujuta, maana nilisema nilichokijua.

Maneno yale yakapata miguu. Yakashuka Kyarumba yakafika Bwera, yakafika Mpondwe. Mke akimwita mume wake shambani asije, anaambiwa, "Huyo amepokea, ahsante." Wapagazi wa mpakani walilitumia neno hilo kwa mwenye mzigo asiyelipa. Nililisikia sokoni nikaona ladha yake ni chungu, lakini sikulizuia.

Mdogo wangu alikuja matanga yakiwa yamekwisha. Nilimwona akiingia ua wangu wa Bwera, vumbi hadi magotini, kilemba kimelegea. Hakubisha hodi. Tangu utotoni tunasema Lhukonzo sisi wawili, lugha ya Mama. Siku ile alininyima hata hiyo. Alisema nami Kiswahili cha kwao, kama anavyosema na wateja wake wa vitenge.

"Yaya," aliniita, maana huko wakubwa wa tumbo moja wanaitwa hivyo, "mama alikufa?"

"Umekuja kufuata nini?" nilimjibu kwa Kiswahili changu, kile nilichookota kambini nikiwa mke wa askari, kile cha amri. "Si ulipokea?"

"Nilipokea nini?"

"Usinichezee. Simama hapo hapo."

"Miye niko nauzisha bitenge yangu ku soko, mutu wa Mpondwe anapita, ananiambia pole ya mama. Nikasema, mama gani? Akasema, ya kwenu. Nikamuambia weye unasema bongo, uongo mutupu. Mutu wa inje ndiye ananipa pole, yaya! Na pale ku mupaka bamama banacheka, banasema angalia, ni ule wa amepokea ahsante. Ni nini ile? Munaniimbia nini?"

Mjukuu wangu alikuwa ametoka ndani. Alirudi akaleta kompyuta, akaifungua juu ya ukuta mdogo wa baraza. Nilimwona anatafuta jina la binti wa pili.

"Bibi," alisema. "Ana anwani tatu."

"Nani?"

"Bibi mdogo. Tatu. Na ya mbele si yake."

Alimpigia simu yule mama wa Kasese pale pale, sauti ikiwa wazi tukisikia wote. Mama yule alikuwa na adabu. Alisema ndiyo, aliona ujumbe wa mgonjwa, mara mbili, hakuusoma hadi mwisho. Alidhani ofisi ya Mpondwe inawatangazia mawakala wote kwamba mtu ana ruhusa ya kwenda kuuguza, na yeye kila kitu cha mpakani hukijibu hivyo, la sivyo wanakusumbua. "Ni imani yangu mgonjwa amepata nafuu," akasema. Mjukuu wangu akamshukuru akakata.

Kisha akapiga magoti mbele ya mdogo wangu. Mtoto niliyemlea, madam wa watu, magoti chini kwenye vumbi la ua. "Bibi mdogo, ni mimi. Nilipohamisha kutoka ofisini umeme ulikatika, mashine ikauliza, nami nikakubali. Ni mimi."

Nilitaka kumwinua. Nilitaka kusema ni umeme, ni afande na takataka zake, ni yule mzungu aliyeitengeneza mashine. Nilikuwa na watu wengi wa kuwalaumu na wote walikuwa mbali.

Mdogo wangu alimshika mkono akamsimamisha. "Simama, mutoto. Weye hauna kosa. Mashini ni mashini, haijue batu." Akampangusa magoti kwa kitenge chake mwenyewe, polepole, goti moja kisha la pili. Halafu akanigeukia.

"Weye, yaya. Mashini haikunyonya pamoja na miye. Weye ulinibeba ku mugongo. Miye naandikaka vile? Mama anakufa, na miye niandike ahsante? Ulisoma ile, ukasema, ndiyo, ni yeye?"

Nilisema, "Jina lilikuwa lako."

"Jina!" Akacheka, na kicheko chake kilikuwa kile kile cha utotoni, ndiyo maana kiliniuma. "Jina iko ya batu elfu. Sura yangu uliweka wapi?"

"Uliondoka kwa hasira. Hukumwandikia Mama hata mstari. Ningejuaje?"

"Ungejua."

Mimi si mtu wa kukosa jibu. Hadi leo nikiwa shambani natafuta jibu lake na kulipata, na likishafika mdomoni naliona halitoshi.

Akaniuliza Mama alisema nini mwisho. Mjukuu wangu alinitazama kwa macho ya kuomba. Nilielewa anaomba nini: niseme Mama alikubariki, niseme Mama alikuita kwa upendo akafunga macho. Wako wanaojua kuoka maneno ya namna hiyo. Nilimwambia kama yalivyokuwa. Kwamba alikuwa na neno lake na alikataa kunipa. Kwamba alingoja akiangalia njia. Kwamba mwisho alisema tufunge mlango.

"Alijua si miye?"

"Hakujua. Alikufa akijua ni wewe uliyejibu."

Watu wameniambia baadaye kwamba nilikuwa mkatili. Labda. Lakini alikuwa amekwisha kudanganywa na jina lake mwenyewe. Sikuona kwa nini nimwongezee uongo mwingine, hata uwe mtamu.

Nilikuwa nimepika sombe, mboga ya kisamvu, na ugali wa muhogo, vimefunikwa jikoni. Nilimwambia aingie ale. Akasema, "Miye si mugeni yenu." Kwetu anayekataa chakula cha nyumba yenye msiba amekwambia yote. Akapanda boda hadi inaposhindwa, akakwea Kyarumba peke yake, akakataa kusindikizwa hata na mjukuu wangu. Waliomwona huko juu wanasema alikaa kaburini mpaka ukungu ukamfunika, hakulia kwa sauti. Aliporudi alipita Bwera bila kusimama, akavuka Mpondwe akaenda zake.

Mjukuu wangu alishinda wiki nzima akiwatenganisha watu wake mmoja mmoja. Sasa mbele ya kila jina ameandika mlima, na jina la mama, na mume. Nilimwona akifanya hivyo kwa macho mekundu na nikamwambia aache kulia juu ya mashine, itaingia maji. Hakucheka. Majirani waliposikia kisa walipata raha. "Hiyo ndiyo elimu ya hadi mbinguni," mmoja alisema ili nisikie. Nilimwambia anyamaze, maana mjukuu wangu amekosea kitu ambacho watoto wake hawajui hata kukiwasha.

Msimu wa kahawa ukafika. Mistari ya kahawa ya Mama ya upande wa juu ni yangu, ya chini ni ya mdogo wangu. Ndivyo Mama alivyogawa angali hai, mbele ya watu. Nilichuma yangu. Halafu nikachuma na yake, mgongo ukinilaani, nikaianika mbali na yangu, nikaichambua punje kwa punje mpaka hapakuwa na mbovu hata moja. Nikaishona guniani. Mjukuu wangu akaandika juu ya gunia kwa rangi nyeusi: binti wa pili wa fulani na fulani wa Kyarumba, mke wa fulani, muuza vitenge, mtaa wake, soko lake. Hata mashine isingekosea. Lori la saruji likalibeba hadi Butembo, na dereva alikuwa mtu wetu wa kuaminika.

Nilikuwa Mpondwe siku ya soko lori lilipovuka kurudi. Mpagazi mmoja aliniita kwa mbali, "Mama! Mzigo wako umerudi!" Nikasema umekosea, huo si wangu, nilishautuma. Dereva akashuka, akakwepa macho yangu.

"Nilimkabidhi mwenyewe, Mama. Mkononi."

"Akasema nini?"

"Alisoma yote yaliyoandikwa. Akasema ni yeye, ndiyo. Halafu akasema nirudishe."

Uzi wangu ulikuwa haujaguswa, mshono ule ule. Mpagazi akainama alichukue gunia anisaidie hadi stendi. Nilimwambia aondoe mikono yake. Nikazungusha kata ya kitambaa, nikaiweka kichwani, nikamwambia yeye na dereva wanitwike, na wakanitwika.